Stelingi ndiye adui: kwa nini Vampire's Kiss iliigawa sebule yako

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro: "Mwalimu, shikamoo. Jumamosi iliyopita nilialika watu sita kwangu tuangalie Vampire's Kiss ya Nicolas Cage. Niliwaambia ni vichekesho, maana vipande vyake nimekuwa nikiviona kwenye simu miaka na miaka na vyote vinachekesha. Wawili walicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja alilala. Dada yangu alinyanyuka ikiwa imebaki kama nusu saa, akasema hana muda wa kuangalia mwanamke akiteswa, na mpaka leo hanijibu vizuri. Mimi mwenyewe sijui nilihisi nini. Je, Cage aliigiza vibaya au alikusudia? Na nani kati yetu aliielewa hii filamu?"

Marahaba, kaka. Sebule yako haikufanya jambo geni. Vampire's Kiss ilipoingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani Juni 1989 iligawa watu hivyohivyo, tena wengi hawakujisumbua hata kukata tiketi. Ilikusanya kama dola 725,000, wakati kuitengeneza kuligharimu karibu milioni mbili. Caryn James wa New York Times aliandika kwamba Cage ndiye aliyeitawala filamu na kuiharibu. Pauline Kael wa jarida la New Yorker, mama ambaye kalamu yake ilitetemesha waongozaji kwa zaidi ya miaka 20, akamsifu Cage huyohuyo kwa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo wale wawili walioshika mbavu na dada yako aliyeondoka wameurudia ugomvi wa zamani, safari hii kukiwa na karanga mezani.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona, niieleze kidogo. Peter Loew ni wakala wa waandishi wa vitabu Manhattan. Ana suti nzuri, fleti nzuri, kila usiku ana mwanamke mwingine, na kila mara anarudi kulalamika kwa daktari wake wa nafsi, Dkt. Glaser. Usiku mmoja anamchukua mwanamke aitwaye Rachel, anang'atwa shingoni, na kuanzia hapo anaamini anageuka vampaya. Mchana, ofisini, anamwandama sekretari wake Alva Restrepo atafute mkataba wa zamani uliopotea kwenye mafaili. Basi. Hakuna kasri, hakuna joho, hakuna kijiji chenye vitunguu saumu mlangoni. Aliyeandika ni Joseph Minion, aliyeongoza ni Mwingereza Robert Bierman, na wanawake watatu niliowataja kabla ya Alva na Alva mwenyewe wamechezwa na watu wanaojua kazi: Jennifer Beals ni Rachel, Elizabeth Ashley ni daktari, na María Conchita Alonso ni Alva. Samahani, nimehesabu vibaya; kabla ya Alva ni wawili. Nimeliacha kosa hilo makusudi, nitalirudia baadaye.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: alikusudia. Yote. Anza na ile lafudhi. Hakuna aliyewahi kuzungumza Kiingereza namna ile, si London, si New York. Inakuja, inapotea, inarudi na maneno yamevutwa kama mpira. Cage amesimulia kwamba aliichota kwa baba yake, August Coppola, profesa wa fasihi, ambaye alikuwa akizungumza kwa madaha ya mtu aliyeamua siku moja kuwa msomi hata kwenye matamshi. Sasa mfikirie Peter: mtu anayeishi kwa kuwapendeza waandishi na wanawake, amejitengenezea sauti. Unamjua. Ni yule ndugu aliyekaa Ulaya miezi mitatu akarudi Kiswahili kinamgomea, anasema "mnaitaje kile kitu", akimaanisha ungo. Lafudhi ya Peter ikiteleza hatumwoni mwigizaji ameshindwa. Tunamwona Peter ameshindwa.

Halafu mwili. Kadiri filamu inavyosonga, mabega yanapanda mpaka masikioni, vidole vinakakamaa, macho yanatoka. Hayo Cage aliyatoa kwa Max Schreck, yule vampaya wa Nosferatu, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922, isiyo na sauti, ambayo mwigizaji wake alilazimika kusema kila kitu kwa mabega na kucha. Cage alichukua uigizaji wa miaka 67 nyuma akaupachika ndani ya ofisi yenye mashine za taipu na simu zinazolia. Ukiona vitu viwili havipatani, ujue hukukosea. Vimewekwa pamoja ili visipatane.

Na alfabeti. Nina hakika hapa ndipo rafiki zako walipoanza kushika mbavu. Peter yuko kwa daktari, hasira imempanda kwa sababu mkataba umewekwa faili lisilo lake. Anauliza inawezekanaje mtu akosee kuweka faili, wakati kila kitu kimepangwa kwa herufi? Kisha anazitaja. A, B, C, zote, mpaka Z, akiwa amesimama, mikono ikikata hewa kama kondakta wa kwaya aliyegombana na sauti ya nne. Cage amesema kila ishara ya hapo aliipanga kabla ya kamera kuwashwa. Iangalie tena bila sauti utaamini. Hakuna mkono unaokwenda mahali kwa bahati.

Mende pia ni wa kweli. Muswada ulisema mayai mabichi. Cage mwenyewe ndiye aliyependekeza mende, akamtafuna, na wakarudia. Mwaka 2023 alisema hatafanya tena na kwamba anajuta. Mimi sioni kama mende ana maana kubwa kwenye hadithi, ingawa kuna wanafunzi wangu wameshaandika kurasa nne kumhusu. Ila kwa watazamaji ana kazi moja muhimu. Pale, mtu mwenyewe anaacha kumwamini mwigizaji kwa namna ya kawaida. Umeshajua kwamba huyu jamaa hana breki, na kuanzia hapo kila anapomkaribia mtu mwingine kwenye picha, kuna sehemu ya tumbo lako inayosema: lolote linaweza kutokea.

Sasa swali la pili, nani aliyeelewa, na hilo ndilo lililonifanya nikae chini nikujibu kwa urefu.

Nimeionyesha filamu hii mara kadhaa, darasani na kwenye ukuta wa nyumba ya rafiki kwa projekta ya kuazima. Nina tabia ambayo mke wangu anaiita uchawi: filamu ninayoijua siitazami, natazama watu. Nakaa pembeni, karibu na ukuta, naangalia nyuso zikiwaka na kuzimika kwa mwanga wa picha. Kwa Vampire's Kiss mambo huenda karibu vilevile kila mara. Dakika 20 za mwanzo watu wanaangalia simu. (Aliyelala kwako si mshamba, mwanzo ule unavuta miguu kweli, na kama alifanya kazi Jumamosi hiyo simlaumu.) Alfabeti, wanaamka wote. Mende, wanapiga kelele. Kisha kicheko kinaanza kuchagua watu. Wanaume wa nyuma wanaendelea. Wanawake wawili watatu wa mbele wananyamaza, halafu wengine wananyamaza. Halafu inafika Alva anapobaki peke yake na Peter usiku, chini kule stoo, na chumba kizima kinakuwa kimya isipokuwa mtu mmoja ambaye bado anacheka kwa sababu alikuja kucheka, na anageuka kuangalia wenzake, na kicheko kinamfia mdomoni.

Nilijiuliza muda mrefu kwa nini filamu nyingine za vampaya za kuchekesha hazifanyi hivyo. Chukua What We Do in the Shadows, ile ya New Zealand ya mwaka 2014, ya Taika Waititi na Jemaine Clement. Vampaya wa Wellington wanaopanga nyumba moja, wanakaa kikao kwa sababu kuna mmoja hajaosha vyombo miaka mitano. Nimeionyesha kwa watu wa rika zote na hakuna aliyetoka. Ndani ya dakika chache filamu imeshakuambia: hapa tunataniana, damu ni rangi, kaa kitako. Inakushika mkono. Vampire's Kiss haishiki mtu mkono.

Wewe na mimi tumekulia mahali ambapo filamu ilikushika mkono kwelikweli. Kwenye kibanda umiza, nyuma ya sauti ya Kichina au Kihindi kulikuwa na sauti ya mtu wetu akitusimulia kwa Kiswahili. Lufufu hapa Dar es Salaam, DJ Afro kule Kenya. Kabla ya ngumi ya kwanza ulishaambiwa huyu ndiye stelingi, huyu ndiye adui, na huyu mnene ndiye tajiri wao. Na kanuni ilijulikana hata kwa mtoto wa darasa la pili: stelingi hafi. Hatukuwa wajinga, tulikuwa tumepewa mahali pa kukaa. Ulijua ucheke nani anapoanguka.

Vampire's Kiss haina DJ. Inakupa stelingi mwenye sura nzuri, jina lake ndilo la kwanza kwenye bango, kamera inamfuata kutoka kitandani hadi kaburini. Na stelingi huyo ndiye adui. Hakuna anayekuambia. Wengine wanagundua dakika ya 30, wengine dakika ya 70, wengine wanarudi nyumbani bila kugundua. Dada yako aligundua mapema akakaa upande wa Alva. Rafiki zako walikaa upande wa Peter. Mlikuwa sebule moja mkiangalia filamu mbili.

Rudi kwenye kosa langu la hesabu kule juu. Niliandika "wanawake watatu kabla ya Alva" na hukushtuka sana, ulipita. Sasa msikilize Peter akimpa Alva kazi ile ya mkataba. Anamwambia kwa utaratibu kabisa, akitabasamu, kwamba kazi yenyewe ni ya kuchosha na ya kutisha, na kwamba anampa yeye kwa sababu yeye ndiye wa chini kuliko wote ofisini. Wa chini kuliko wote. Kisha anasogeza uso karibu na macho yanatoka. Wengi wetu tunapita hapo kama ulivyopita kwenye hesabu yangu, kwa kuwa macho yetu yako kwa mtu mwingine.

Uso ule unaujua. Ndio uliochorwa miaka ya mwanzo ya 2010 ukazagaa duniani kwa maana ya "Kumbe! Usiniambie!" Nami nimeshatumiwa kwenye WhatsApp na watu ambao wakimwona Nicolas Cage barabarani watampita. Nakuomba ufanye jambo moja: tafuta mahali picha ile ilipokatwa. Aliyetazamwa na macho yale ni Alva. Yuko mbele yake, anatafuta neno la kumjibu bosi ambalo halitamfukuzisha kazi. Mkato umemwacha nje. Na video zile za kukusanya vipande vya Cage akiwehuka, ambazo zilianza kupata watazamaji wengi kuanzia mwaka 2010, zimefanya hivyohivyo: zimekata kila sekunde ambayo Alva anajibu, analia, anasita mlangoni. Kilichobaki kinachekesha sana, sibishi. Mimi pia nimezicheka. Ila filamu iliyopata wafuasi duniani, ile ambayo wewe ulidhani unawaonyesha watu Jumamosi, ni filamu isiyo na Alva, na filamu hiyo haipo. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, Alva anakuja.

Sasa niseme jambo ambalo Wamarekani hawawezi kulipata kirahisi, na sisi tumepewa bure na lugha. Kwa Kiingereza vampaya ni vampaya, zimwi la hadithi. Sisi tuna mnyonya damu, na jirani yake wa karibu ni mnyonyaji. Mtu aliyesoma shule Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 alilijua neno mnyonyaji kabla ya kujua kuandika jina la wilaya yake. Mnyonyaji alichorwa katuni, tumbo mbele, akiitwa kupe, na watu wakiimba kukata mirija yake. Hakuwa na meno marefu. Alikuwa na ofisi.

Na nyuma zaidi ya hapo kuna mumiani. Wazee wa pwani waliwatisha watoto kwa jina hilo, na enzi za mkoloni uvumi ulitembea kutoka Nairobi hadi Kampala kwamba wazimamoto wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White ameandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, kilitoka mwaka 2000. Kinachonivutia hapo ni sare. Mnyonya damu wa hofu zetu hakutoka makaburini. Alikuwa mwajiriwa, ana gari la serikali na mkubwa wake.

Mtazame Peter kwa macho hayo. Kabla hajang'atwa tayari ameshakuwa kile anachoogopa kuwa. Wanawake anawatumia usiku mmoja na kuwaacha. Sekretari anamkamua mpaka saa za usiku kwa karatasi ambayo hakuna anayeihitaji haraka. Rachel hakumbadilisha, amempa jina tu. Na hapo ndipo kichekesho kikubwa kuliko vyote, ambacho hakimo kwenye video za vipande kwa sababu hakina kelele. Peter yuko mbele ya kioo. Anajitazama. Anashtuka, anasogea, anapapasa kioo, anaingiwa na hofu kubwa kwa sababu hajioni, na vampaya, kama ujuavyo, hawana taswira kiooni. Lakini sisi tunamwona. Yumo kiooni mzimamzima, na tai yake. Bierman hakuficha chochote, hakutumia ujanja wa kamera. Mtu anajitazama usoni na haoni kitu.

Hapo darasani kicheko huwa kidogo sana. Ni pumzi puani tu.

Meno nayo. Vampaya gani anaenda dukani kununua meno? Peter anakwenda, anaonyeshwa mazuri, hela hazitoshi, anatoka na yale ya plastiki, ya watoto wa sikukuu. Anayavaa kwa dhati kabisa, mdomo umefumuka, anatembea mjini amejikunja. Nilishaona mtu akilia kwa kicheko hapo, na dakika chache baadaye Peter anaingia ukumbi wa disko, anayatoa yale meno ya plastiki, na kumng'ata mwanamke shingoni kwa meno yake mwenyewe. Ndio utaratibu wa filamu hii tangu mwanzo mpaka mwisho: inakupa toi, ukishalicheka, inakung'ata kweli.

Tuingie stoo, pale dada yako aliponyanyuka, maana nadhani ni hapo au karibu na hapo. Alva ana bastola kwenye mkoba, yenye risasi za mlio tu, hazina kichwa. Ameibeba kwa sababu anamwogopa bosi wake, na nyumbani ameshajaribu kusema anaumwa. Peter akachukua teksi akamfuata hadi kwao. Usiku ule anamfukuza chini, Alva anatoa bastola, Peter anamsihi ampige, Alva anafyatua sakafuni, na Peter anamrukia. Filamu inakata kabla ya kutuonyesha kila kitu. Baadaye Peter anaichukua bastola ileile anajifyatulia, hafi kwa kuwa risasi ni tupu, na yeye anahitimisha kwamba hafi kwa kuwa ni vampaya. Kama hesabu, ni kichekesho kilichosukwa vizuri mno. Kama tukio, kimejengwa juu ya mwanamke aliyelala sakafuni dakika mbili zilizopita. Minion na Bierman walijua. Karibu na mwisho wanamweka Peter barabarani, suti imechafuka damu, anazungumza na ukuta akidhani yuko kwa Dkt. Glaser. Anamwambia amembaka mtu, ameua mtu. Na daktari wa kichwani mwake anatabasamu, anampungia mkono kana kwamba amesema alichelewa kazini, anamtambulisha kwa mchumba mpya. Sijui filamu nyingine ya vichekesho ya miaka ile iliyomvua stelingi wake nguo kiasi hicho. Anajisamehe mwenyewe, kwa sauti ya mwanamke aliyemlipa.

Hapo nitakuwa mkweli: kuna wahakiki wanaosema filamu ilimtumia Alva kama Peter alivyomtumia, kwamba inamtesa muda mrefu kuliko inavyohitaji ili sisi tupate somo. Nikiwa na miaka 30 nilibishana nao. Siku hizi nabishana nao nusu. Alonso anaicheza nafasi ile bila mzaha hata chembe, kana kwamba hakuambiwa yumo kwenye vichekesho, na bila yeye Cage angekuwa mtu anayerukaruka tu. Lakini filamu haimpi Alva hata usiku mmoja wa kwake mwenyewe usiohusu hofu. Dada yako alikuwa na haki ya kuchoka.

Waliocheka nao hawakukosea mpaka hapo nilipoeleza. Cage anaomba kicheko waziwazi. Aliyeangalia alfabeti bila kucheka nitamwombea dua. Kosa, kama unalitaka, ni lako kidogo, mwenyeji: uliwaambia ni vichekesho. Ukishamwambia mtu ni vichekesho umeshakuwa DJ wake, umemwonyesha stelingi, umemkalisha upande mmoja. Aliyebaki upande wa pili anakuona umemsaliti. Mimi siku hizi sisemi kitu. Nasema ni filamu ya mtu wa ofisini anayeamini amekuwa vampaya, ina ukatili kwa mwanamke huko mbele, anayetaka kutoka atoke, chai iko jikoni. Wanaoingia baada ya maneno hayo wanacheka vilevile kwenye alfabeti. Wanacheka hata zaidi, nadhani kwa sababu hakuna aliyewalazimisha. Na ikiisha wanazungumza, badala ya kununiana.

Jambo jingine dogo: usiikatize pale stoo ili kumridhisha mtu. Kuna mwaka nilifanya hivyo, niliogopa wazazi wa wanafunzi, nikaruka dakika tano. Chumba kizima kilicheka mpaka mwisho, wakatoka wanasema muvi kali sana, na mimi nikazima projekta nikijiona mwizi.

Umeniambia wewe mwenyewe hujui ulihisi nini. Iangalie tena peke yako, lakini usimwangalie Cage. Najua ni kazi, kwa jinsi anavyopiga kelele. Mwangalie Alva tu: anavyoingia asubuhi, anavyoweka mkoba mezani, anavyosikia mlango wa bosi kabla haujafunguka. Utashangaa jinsi filamu ilivyo tulivu.

Na dada yako mpigie, usimtumie ujumbe. Mwambie ameondoka mapema. Alva naye ana kaka, anaitwa Emilio, na wakati dada yako anavaa viatu mlangoni kwako, Emilio alikuwa bado hajajua kilichotokea. Anajua baadaye. Anakwenda mpaka fleti ya Peter, anamkuta amelala chini ya kochi alilolipindua akalifanya jeneza, na mkononi mwa Emilio kuna kipande cha mti kilichochongoka. Akikubali kurudi, anzisheni palepale alipoachia, na rimoti ashike yeye.